MASIKIO NAYO YAENDE SHULE

Wandugu wasomaji, leo siandiki juu ya mishahara wala juu ya mabati ya nyumba zetu yanayovuja, ingawa mambo hayo mawili yanatuuma sana. Nataka kusema juu ya masikio. Najua wako watakaocheka: karani mzima amekosa habari hata anaandika juu ya masikio! Wacheke kwanza, halafu wasome mpaka mwisho, maana jambo hili limeniponza mimi mwenyewe, na linawaponza wengi katika kazi zetu, wala hakuna anayelisema.

Mimi ni karani hapa Kakontwe. Naandika makamio yanayotoka kwenye machimbo ya mawe ya chokaa: namba ya kamio, jina la dereva, uzito, saa ya kutoka. Mawe yetu haya yana sifa kuliko sisi wenyeji. Wataalamu wa miamba wamelipa jina la Kakontwe tabaka zima la chokaa lililoko chini ya ardhi ya Katanga na kuvuka mpaka wa Zambia, na zinki ya Kipushi imelala ndani ya tabaka hilo hilo. Basi jina la mahali petu linatamkwa na mabwana wa miamba wa nchi za mbali, kwa Kiingereza, na sisi wenye jina tukiwasikia hatujui wanasema nini.

Miaka michache iliyopita kampuni moja ya wageni, ambayo sitaitaja, iliagiza chokaa kwa redio ya mkononi. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye haraka, na upepo ukivuma ndani yake. Alitaka matani «fifteen», yaani 15. Mimi nikasikia «fifty», yaani 50. Nikajibu «yes, sir», nikaandika 50, makamio yakapakiwa, yakaenda. Huko wakapokea matani 15 tu, na 35 yakarudi Kakontwe yakiwa yameshakula mafuta ya kwenda na ya kurudi. Kosa likaandikwa kwa jina langu, na kwa miezi 3 nikakosa nyongeza ya mshahara. Mke wangu ndiye aliyeijua vizuri tofauti ya 15 na 50, kwa kuwa ndiye aliyekwenda sokoni.

Lakini lililoniuma zaidi si fedha. Lililoniuma ni kwamba nilikuwa na cheti cha Kiingereza ukutani. Nilikuwa nimesoma kwa mbali, miezi 18, masomo yakija kwa simu kila wiki: karatasi za sarufi, orodha za maneno, maswali ya kujaza nafasi. Nilipata 82 juu ya 100. Ningeulizwa kwa maandishi namna ya kugeuza kitendo kiwe cha wakati uliopita, ningejibu bila kufikiri. Na katika miezi ile yote 18 hakuna hata siku moja mwalimu aliyenifundisha kusikiliza. Sauti zilikuwako, ndiyo, mwisho wa somo, na chini yake imeandikwa: sikiliza, halafu jibu. Basi. Ni kama kumtupa mtoto katika mto Lufira na kumwambia: ogelea, halafu uje uniambie kama umeweza.

Lugha yetu yenyewe inajua kitu ambacho wale waliotunga somo langu hawakukijua. Sisi tunasema kusikia, tena tunasema kusikiliza, tena tunasema kusikilizana. Kusikia ni kazi ya sikio. Hata mbuzi anasikia. Kusikiliza ni kazi ya mtu mzima mwenye nia. Na kusikilizana ni ya watu wawili, mmoja akiweza kumwambia mwenziwe: ngoja, rudia, hapo sijakupata. Masomo ya mbali yanatupa la kwanza, yanatuamuru la pili bila kuonyesha njia, na la tatu yanalikata kabisa. Redio huwezi kuiambia «rudia». Sauti iliyomo katika simu haioni uso wako umekunjamana. Hapo ndipo penye ugonjwa, nami nasema kwamba anayejifunza lugha kwa mbali lazima ajitengenezee kwa mikono yake hiyo ruhusa ya kusema «rudia» ambayo umbali umemnyang'anya.

Na kwetu Katanga ruhusa hiyo ina historia. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na katika miaka iliyofuata ikaleta watu wa kazi toka Rhodesia ya Kaskazini, toka Lomami na Kasai, hata toka Ruanda-Urundi. Wengi wao Kiswahili hawakukijua. Walikipata wapi? Si kitabuni. Walikisikia mgodini na kambini, wakitazama mkono wa mwenzao, wakishika neno moja walilolijua na kukisia yaliyobaki, wakijaribu neno jioni kwa jirani na kuchekwa, wakijaribu tena kesho. Na Mzungu naye alikuwa anajifunza Kiswahili wakati ule ule, lakini kwa namna yake. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, ameonyesha jinsi vijitabu walivyoandikiwa vilivyojaa maneno ya kuamrisha. Leta, beba, fanya upesi. Kitabu cha namna hiyo kinamfundisha mtu kusema tu. Kusikia jibu hakukuwa na lazima, kwa sababu jibu lilijulikana: ndiyo, Bwana.

Ndiyo, Bwana! Neno hili bado limo vinywani mwetu, wandugu. Enzi ile, kuuliza mara mbili ilikuwa ni ukaidi, na ukaidi ulikuwa na malipo yake mgongoni. Wazee wakajifunza kuitika kwanza na kutafuta maana baadaye, na sisi tumerithi. Siku ile ya matani 50, mdomo wangu ulisema «yes, sir» kabla sikio halijamaliza kazi yake. Mtu akiniuliza kwa nini, sina jibu zuri. Niliona haya tu.

Haya hii ni ya hatari, wala sikuzi mambo. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana chini, kwenye njia ya kurukia, ndani ya ukungu, na watu 583 wakafa. Rubani wa moja aliamini ameruhusiwa kuruka; mnara wa kuongoza ndege ulielewa kwamba bado anangoja. Wote walisema Kiingereza, na kwa wengi wao si lugha ya mama. Baada ya ajali hiyo masharti ya maneno ya hewani yalikazwa. Rubani akipewa ruhusa ya kuruka au kutua, lazima airudie kwa kinywa chake ili mwenye kuitoa asikie kama imefika sawa, na namba nyingi hutamkwa tarakimu moja moja, si «fifteen» bali «one five». Marubani ni watu wenye elimu na mishahara, na hawaoni haya kurudia kama watoto wa darasa la kwanza. Sisi chini ya shimo, penye kelele za mashini na harufu ya baruti, tunaona haya!

Wengine watasema: karani, Kiingereza ni cha nini hapa? Tuna Kiswahili chetu, tuna Kifaransa cha ofisi. Nawajibu kwamba nusu ya maneno yao ni kweli. Mgeni anayekuja kuchimba hapa angepaswa kukisikia Kiswahili chetu, tena kukisikia hasa, si kukiamrisha kama wale wa zamani. Jambo hilo nitaliandikia siku nyingine, maana lina hasira yake. Lakini makamio yetu yanapita Kasumbalesa na kuingia Zambia, ambako karatasi na amri ni za Kiingereza. Toka mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakubwa wa kazi katika migodi mingi ni watu wa kutoka China, India, Afrika ya Kusini, Australia, na kati yao wenyewe wanaongea Kiingereza. Kijana wa Likasi anayeomba kazi leo anaweza kupigiwa simu na mtu asiyemwona, akaulizwa maswali matano, na katika dakika 10 riziki yake imekwisha kuamuliwa. Hakushindwa kazi, alishindwa kusikia swali.

Sasa kwa nini Kiingereza kinatushinda masikioni, na Kifaransa kidogo tumekizoea? Kifaransa tulikisikia toka utoto: darasani, kanisani, katika matangazo, kwa watu tuliowaona nyuso zao. Kiingereza kwetu kilikuja kwa ubao na kwa karatasi, masaa machache kwa wiki, na hata katika mtihani wa serikali kinapimwa kwa kusoma na kuchagua jibu. Tena Kiswahili kimetulea vizuri mno. Kila silabi yetu inasikika, na mkazo unakaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema «kitabu», uzito uko kwenye «ta», tunasema «kitabuni», uzito umehamia «bu». Sikio linajua neno linaishia wapi, kama dereva anayeona mawe meupe kando ya njia. Kiingereza hakina mawe hayo. Mkazo unaruka mbele na nyuma, na silabi zisizo na mkazo zinamezwa. Katika «fifty» uzito uko mwanzoni. Katika «fifteen» mwisho nao unakazwa na kuvutwa. Mimi nilikuwa nangoja ile «n» ndogo ya mwisho, na upepo wa redio uliila.

Mfano mwingine, na huu tafadhali mkaufundishe nyumbani. Mwenye kuruhusu anasema «you can go in», ingia. Mwenye kukataza anasema «you can't go in», usiingie. Kwenye karatasi tofauti ni herufi moja mwishoni, na sisi masikio yetu yote tunayapeleka kwenye herufi hiyo. Bure! Katika maneno ya haraka mara nyingi haisikiki. Tofauti iko mapema zaidi: ile «can» ya kuruhusu inapita mbio, imefifia, haina uzito, ile ya kukataza inakazwa na irabu yake inasikika kamili. Asiyejua hilo anaweza kuingia mahali ambapo baruti imetegwa, na cheti chake kikabaki ukutani.

Basi mtu afanye nini, naye anasomea nyumbani, peke yake, na simu moja? Kwanza nawaambia yasiyosaidia, maana nimeyajaribu. Kutafsiri kila neno hakusaidii. Ukisimama kutafuta maana ya neno la pili, msemaji amekwisha kufika neno la kumi na mawili, na wewe umebaki kituoni na mzigo wako. Kutazama sinema zenye maandishi chini nako, ingawa vijana watanichukia, kunafundisha macho kusoma upesi. Sikio linakaa kando likila bila kufanya kazi. Tena kuna Kiingereza cha polepole. Sauti ya Marekani walikianza hewani mwaka 1959, kwa maneno kama 1,500 tu na sentensi fupi, na kwa watu wengi wa Afrika kilikuwa mlango. Sikidharau. Ni gongo la mtu aliyevunjika mguu, linafaa sana, lakini siku moja lazima uliache, kwa maana yule wa kwenye redio ya mkononi hatasema polepole kwa ajili yako.

Linalosaidia linaanza kabla ya sauti. Ujiulize: mtu huyu ni nani, anataka nini, na watu wa namna yake husema nini? Dereva anayepiga simu toka Kasumbalesa hana maneno elfu. Gari limeharibika, karatasi haijafika, foleni haisogei, ushuru umezidi. Ukiyaweka maneno hayo tayari kichwani, utayatambua hata yakija yamekunjamana. Na wakati unasikiliza, upime: haya ninayoyasikia yanaingia akilini? Hapa nawaambia aibu yangu kubwa zaidi. Siku ile kitabu changu cha makamio kilikuwa wazi mbele yangu mezani. Kampuni ile haikuwahi kuchukua hata mara moja zaidi ya matani 20. Lau ningetupa jicho moja tu, ningejua kwamba 50 ni uongo wa sikio langu. Jibu lilikuwa chini ya kiwiko changu!

Mambo haya si uganga wangu wa Kakontwe. Larry Vandergrift, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Ottawa huko Canada, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyosikiliza lugha ya kigeni. Mwaka 2010 yeye na mwenzake Marzieh Tafaghodtari walitoa habari za wanafunzi 106 waliokuwa wakijifunza Kifaransa. Wakawagawa. Wote walisikiliza habari zile zile, mara tatu, kwa muda wa wiki 13. Kundi moja lilisikiliza tu. Jingine lilifundishwa kukisia kabla, kusikiliza, kulinganisha na jirani, kusikiliza tena kwa kutafuta mahali walipokosana, halafu kusema nini kilichowasaidia na nini kilichowapoteza. Mwisho wa masomo kundi la pili likashinda, na waliofaidika zaidi ndio wale waliokuwa dhaifu mwanzoni. Someni hapo tena, wenzangu ambao mliambiwa na mwalimu kwamba mna masikio mazito. Hakuna masikio mazito. Kuna masikio ambayo hayakufundishwa.

Afrika pia imejaribu, tena zamani na kwa redio tu. Kati ya mwaka 1982 na 1985 Wakenya, kupitia Taasisi ya Elimu ya Kenya na kwa msaada wa Wamarekani, walifundisha watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu Kiingereza kwa redio, nusu saa kila siku ya shule, katika shule za mashambani. Ujanja wao ulikuwa mdogo na wa akili sana: redio ilinyamaza. Sauti inauliza, halafu kimya cha sekunde chache, watoto wanajibu kwa sauti, halafu redio inasema jibu lililo sawa, nao wanajipima. Kila dakika mtoto alikuwa na kazi ya kufanya. Watoto wale walipopimwa waliwashinda wenzao waliofundishwa bila redio, katika kusikia na katika kusoma. Kwa hiyo hata sauti ya mbali inaweza kuachia nafasi ya jibu, kama aliyeitunga amemfikiri mtu aliye upande wa pili. Somo langu la miezi 18 halikunyamaza hata sekunde moja.

Na Watanzania mwaka 1973 walifanya jambo ambalo halikuhusu lugha ya kigeni, lakini linatufundisha sisi. Walikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, juu ya usafi na magonjwa. Watu karibu milioni 2 walijifunza humo kwa wiki 12. Hawakusikiliza kila mtu nyumbani kwake. Walikaa vikundi vikundi, redio moja, kitabu mkononi, na kiongozi mmoja aliyefundishwa kidogo; kipindi kikiisha wanaulizana wamesikia nini na watafanya nini. Redio yenyewe haikuweza kurudia, lakini jirani aliweza. Sisi mwaka 2020, wakati wa korona, shule zilipofungwa mwezi wa 3, masomo yalitolewa hewani na Radio Okapi ilisaidia. Nilishukuru. Lakini mtaani kwangu niliona watoto wamekaa mbele ya redio, mmoja mmoja, kila mmoja nyumbani kwake, kama watu wanaongoja treni isiyokuwa na saa. Hakuna aliyewaweka pamoja. Sisi wazazi ndio tungaliweza, hata kwa watoto watatu watatu, na hatukufanya. Najihesabu na mimi.

Basi baada ya aibu yangu tumeanza kikundi hapa, kila Jumanne na Ijumaa jioni. Tuko 7. Wako mafundi wawili wa umeme, kijana mmoja mpenda sinema, mama mmoja anayeleta bidhaa toka Kasumbalesa, dereva, mimi, na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mgodi. Simu ni moja na spika ndogo ni moja. Fedha za intaneti ni shida kwa wote, kwa hiyo mmoja wetu anapakua sauti mara moja kwa wiki na kuzigawa kwa kadi. Umeme ukikatika, spika ina betri ya kutosha saa mbili. Tunachukua sauti ya dakika 2 tu, si zaidi. Mara ya kwanza kalamu ziko chini, hakuna anayeandika. Tunasikiliza kujua ni habari gani. Mara ya pili kila mtu anaandika alichoshika, hata kama ni maneno matatu. Halafu tunabishana. Hapo ndipo penye masomo! Fundi anasema alisikia «water», mama anasema hapana, ni «waiter», na kijana anasema wote wawili viziwi. Tunarudi mahali pale pale, mara nne, mara tano, mpaka tunakubaliana au tunachoka. Maandishi ya sauti ile tunayafungua mwisho kabisa, na hata hivyo kwa kutazama wapi sikio lilidanganywa na kwa nini.

Anayetushinda ni mzee. Sisi tulidhani atakuwa wa mwisho, maana Kiingereza cha vitabu hana. Nikamuuliza siri yake. Akanijibu kwamba yeye aliingia kambini akiwa kijana toka Kasai, hajui Kiswahili hata neno, na alifanya kazi miezi mingi akielewa nusu tu ya yaliyosemwa. Kwa hiyo kutokuelewa hakumtishi. «Ninyi mkikosa neno moja mnaanguka,» akasema, «mimi napita juu yake, naendelea, mara nyingine linanirudia mbele lenyewe.» Nimesoma miezi 18 kwa fedha, na neno hilo sikuliona katika karatasi yoyote.

Kwa wale wanaotunga masomo haya ya mbali na kutuuzia sisi watu wa mshahara, nina madai machache. Wanyamaze kidogo katikati ya sauti, kama walivyofanya Kenya. Watoe pointi kwa kusikia, si kwa sarufi peke yake, kwani mtu husoma kile atakachopimwa. Na waache kutuletea sauti ya mtu mmoja wa London aliyekaa katika chumba kisicho na kelele. Kiingereza cha kazi zetu ni cha Mzambia mwenye haraka, cha Mchina, cha Mhindi, cha Kaburu, tena na mashini nyuma yake. Kama wana uwezo wa kuchukua fedha kwa simu toka Likasi, wana uwezo wa kutafuta sauti za aina nne.

Kwa wakubwa wa kazi nina moja tu: amri ya redio irudiwe na aliyeipokea, na namba zitamkwe tarakimu moja moja, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, sawa tu. Na mtu akisema «sijasikia», asiandikwe mjinga. Nimelipeleka jambo hili kwa wenzangu wa ofisini, na kwa redio yetu ya mizani tumekwisha kuanza bila kungoja barua ya mtu. Wiki ya kwanza madereva walitucheka. Sasa wao ndio wanaotukumbusha.

Ijumaa iliyopita nilileta katika kikundi sauti yenye namba, kwa makusudi. Mwanamke mmoja anatangaza saa na idadi ya abiria wa basi, haraka haraka. Ilipofika namba ya abiria, watu 4 wakaandika 50, watu 3 wakaandika 15. Mimi nilikuwa kati ya wale 4. Mzee akanyosha mkono, akasema kwa Kiingereza chake kidogo, «again, please», ingawa spika haisikii. Kijana akairudisha nyuma, na wote tukainama.